Rael, Mimi na Uji wa Chebet

Siku mliponiletea ile saa ya ukutani ya kuniaga kazini, ninyi vijana wa wodi, mmoja wenu aliniuliza ni nani aliyenifundisha kazi. Nikamjibu kwamba ni Mama Dorka, na hilo ndilo jibu la heshima. Lakini mlipoondoka, nikabaki peke yangu na vikombe vya kuosha, nikaona nimewapa nusu ya habari. Mwalimu wangu mwingine alikuwa Rael, naye hakunifundisha kwa kupenda wala kwa kujua. Nilimwonea wivu hadi nikajifunza. Habari za vyeo na mishahara kaulizeni ofisini, mafaili yapo. Mimi nitawaandikia habari za Rael, na za mgonjwa mmoja aliyeitwa Chebet. Mkisoma mkaona bado nina kijicho, msishangae, ninacho.

Mimi ni mtoto wa Bondeni, hapahapa Nakuru. Babu yangu alikuja na kazi ya reli kutoka Mombasa akaoa huku, na nyumbani kwetu tulilelewa kwa chuo cha Kurani, uji wa mchele na maneno mengi. Hayo maneno mengi yakumbukeni, maana ndiyo yaliyoniponza. Ilikuwa miaka ya hamsini, wakati ule wa vipande na ruhusa za kutembea. Nilienda hospitali kutafuta kazi ya uuguzi kwenye wodi ya wazazi. Nilitaka kupokea watoto, nishike vichanga, watu wanipe majina mazuri mtaani. Sista wa Kizungu aliyekuwa mkubwa wetu akanitazama juu mpaka chini akasema, "Wodi ya wazazi najaa. Wewe kwenda kwa Dorka." Kwa Dorka ndiko kulikuwa na wagonjwa wa akili. Mama yangu aliposikia alishika kiuno. "Yaani umesoma wee, ukaishia kufungiwa na vichaa?"

Wodi yenyewe lilikuwa jengo refu la mawe nyuma ya jiko, wanaume upande mmoja, wanawake upande mwingine. Kusema kweli palikuwa mahali pa kungojea tu. Mgonjwa aliletwa na askari, au na nyapara wa shamba la mzungu, wengine wamefungwa kamba ya katani mikononi. Alikaa kwetu, daktari akamtazama, kisha akarudi kwao au akapandishwa gari la moshi kwenda hospitali kubwa ya Nairobi. Waliokwenda Nairobi walichelewa sana kurudi, na wengine hawakurudi. Dawa tuliyokuwa nayo ilikuwa paraldehaidi, maji ya kumlaza mgonjwa, yenye harufu iliyoingia kwenye nywele, kwenye mkate, mpaka kwenye kanga zangu nyumbani. Vile vidonge mnavyogawa ninyi leo kwa kikombe vilikuwa ndiyo kwanza vinaanza kusikika, na vichache vilivyofika Sista alivifungia kwa ufunguo wake mwenyewe.

Tulianza siku moja, mimi na Rael. Alikuwa binti wa mwalimu wa misheni upande wa Molo, mrefu, shingo imenyooka, na mwanya wa mbele ambao ungefikiri aliuagiza. Yeye alipewa kepu nyeupe, ikabanwa na pini, ikamkaa. Mimi kwa sababu ya dini yangu niliruhusiwa kufunga kitambaa cheupe kichwa kizima, na Sista alisisitiza kisionyeshe hata unywele mmoja. Nilijitazama kwenye dirisha la jiko, nikamtazama na yeye. Roho yangu ikaanza palepale, kabla hata hatujafungua mlango.

Mama Dorka, mlezi wa wodi ya wanawake, alikuwa mwanamke mfupi wa kutoka Kakamega, mwenye miguu ya kuvimba na sauti ya chini. Nilitegemea atupe fagio au bakuli. Alitufungulia mlango wa ukumbi wa wagonjwa, akatuonyesha sakafu.

"Kaeni."

"Tukae tufanye nini, Mama?"

"Nimesema kaeni. Sikusema fanyeni."

Tukakaa chini, migongo ukutani, katikati ya wanawake wanaozunguka, wanaoimba, wanaozungumza na ukuta. Asubuhi nzima! Mimi hazikupita dakika nyingi nikaanza kukunja blanketi la jirani, kisha nikamsalimu huyu, nikamuuliza yule anatoka wapi, kwa nini analia, ana watoto wangapi. Mmoja akanimwagia chai. Nilipogeuka nikamwona Rael amekaa vilevile tangu tuingie, mikono mapajani, na pembeni yake mwanamke aliyekuwa akizunguka tangu alfajiri amekuja mwenyewe, amelaza kichwa begani kwake. Rael hakusema neno. Hata inzi hakumfukuza.

Mchana Mama Dorka akatuita. "Wewe Zuhura uko na mdomo ya soko. Rael iko na masikio. Hapa kazi inaanza na masikio."

Mpaka leo nikikumbuka maneno yale mbele ya yule msichana, uso unapata moto.

Ikawa hivyo kila siku. Palikuwa na mama mmoja wa Gilgil aliyeona nyoka kitandani kwake. Mimi nikataka kumsaidia, nikainua godoro, nikakung'uta blanketi, "Tazama mama, hakuna nyoka, wapi nyoka?" Akaning'ata mkono, alama ninayo. Rael alikuja akachuchumaa mbali kidogo. Akamuuliza, "Leo wamekusumbua sana?" Yule mama akaanza kulia. Rael hakumwambia nyoka wapo, wala hakumwambia hawapo. Alimwambia tu kwamba anaona amechoka, akampeleka kitanda kingine, akalala. Mama Dorka akanifunga kidonda changu huku akisema, "Umeona? Usibishane na anachoona. Na usimdanganye ati na wewe unaona. Shika ile uchungu yake, wacha nyoka." Mnafundishwa hilo siku hizi kwenye vitabu, na picha juu. Mimi nilifundishwa kwa meno, na mwenye kusifiwa alikuwa Rael.

Halafu zikaja funguo. Mama Dorka alikuwa na funguo za akiba, alizifunga kwenye mkanda wa kitambaa ili zisilie, maana alisema mgonjwa akisikia funguo zinalia anajua yuko jela. Siku miguu ilipomzidi akamvalisha Rael ule mkanda. Sikula chakula cha mchana siku hiyo. Nilimwambia Rael kwamba mkanda umempendeza, na Mungu anajua nilivyotaka umkatikie kiunoni.

Kazi moja tu nilimshinda, nayo ni kunyoa. Mwanamke yeyote aliyeletwa kutoka mashambani au kwenye viwanda vya mbao alinyolewa kichwa chote siku ya kuingia, kwa ajili ya chawa. Ndiyo ilikuwa amri ya wodi, na haikuwa ya kujadiliwa. Rael mkono wake ulitetemeka na ile mashine ya kunyolea, aliwakata watu ngozi. Mimi nina mkono mwepesi. Mama Dorka akasema, "Kunyoa ni ya Zuhura." Nilijiona nimepata kitu changu.

Chebet aliletwa kutoka kiwanda cha mbao kule Elburgon, mumewe alikuwa mpasuaji mbao. Alikuwa amejifungua karibuni. Mtoto alipofikisha wiki chache mama akaacha kulala, akaanza kusema mambo yasiyoeleweka, mwisho akamwacha mtoto ndani akatoka kutembea kwenye reli kuelekea Molo. Askari wakamkuta, wakamleta moja kwa moja kwetu, na kichanga kikabaki kwa mama mkwe. Alikuwa msichana tu, umri wangu. Matiti yalikuwa yamejaa maziwa yanavuja mpaka kwenye gauni. Kiswahili hakujua ila maneno mawili matatu. Nilimnyoa mimi. Alitulia kabisa huku machozi yanashuka, nikadhani ni ugonjwa. Baada ya pale alipewa dawa, akalala siku kadhaa, na alipoamka Mama Dorka akasema macho yamerudi, huyu atapona upesi.

Kumbe wapi. Chebet akakataa kula.

Kwanza alinikataa mimi. Nikiingia na bakuli anageukia ukutani. Nikikaa anasogea. Nikimgusa bega anatetemeka mwili mzima. Nilijaribu kila ujuzi, nikakaa kimya mpaka miguu ikafa ganzi, mimi Zuhura, kimya! Hata tone. Akija Rael akamsemesha kwa lugha yao ya huko Molo, Chebet hamjibu, lakini anafungua mdomo kidogo, anameza vijiko vichache vya uji. Wodi nzima ikasema Rael ana mkono wa heri. Mama Dorka akasema. Mpishi akasema. Mpaka Sista, ambaye hakumsifu mtu, alisimama mlangoni akasema, "Huyu Rael mzuri sana." Nilikuwa nimeshika ndoo ya mikojo aliposema hivyo.

Basi nikaanza kumchungulia. Sitawaficha, nilitaka kujua anafanya nini ambacho mimi sifanyi, kama anamnong'oneza, kama amemfichia sukari. Palikuwa na ufa kwenye mlango wa stoo ya mablanketi, nikawa nasimama pale kila saa ya chakula. Nilijua anavyoshika kijiko, anavyopindisha shingo, anavyopangusa bakuli. Siku moja nikasikia mtu ananipumulia kisogoni. Mama Dorka.

"Unaona nini?"

"Sioni kitu, Mama. Natafuta blanketi."

"Blanketi iko nyuma yako." Akatazama kwenye ufa yeye mwenyewe, kisha akaniambia taratibu, "Zuhura, kama macho yako ni makali hivi, mbona unaangalia muuguzi? Angalia mgonjwa."

Akaenda zake na miguu yake. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini nikabaki pale, na kwa hasira tu nikamwacha Rael nikamtazama Chebet.

Nikaona jambo. Kila mtu akipita, Chebet hatazami uso, anatazama kichwa. Rael akivua kepu kujikuna, Chebet anazitazama nywele zake, mabega yanalegea. Halafu anajipapasa kipara chake mwenyewe, kisha anajishika titi. Nikaona na lingine lililonikera: nikiingia mimi, macho yanakwenda moja kwa moja kwenye kitambaa changu, na hapo ndipo anapogeukia ukutani. Nikajiuliza, huyu ananiona nina nini kichwani?

Siku ile ile akaletwa mgonjwa mpya kutoka shamba moja la pareto, nikamnyoa, Mama Dorka akampitisha ukumbini. Chebet alipoona kile kichwa kinang'aa alipiga yowe ambalo sijalisahau, akajipiga kifua, akajitupa chini. Toka hapo akafunga mdomo kwa kila mtu. Rael akaja na uji wake na mkono wake wa heri, na Chebet akageukia ukutani kama alivyonigeukia mimi. Nilisikia raha, wanangu. Nilisikia raha tele, nikaenda kuosha vikombe naimba.

Raha ilikatwa Alhamisi daktari alipopita. Alimshika Chebet mkono, akaona ngozi imelegea, akasema na Sista kwa Kizungu. Sista akatugeukia. "Alhamisi ingine, kama hapana kula, huyu kwenda Nairobi na treni." Rael akauliza, "Na mtoto wake?" Sista akainua mabega. Maziwa ya Chebet yalikuwa yameanza kukauka. Tulijua wote, akipanda lile gari la moshi, mtoto atalelewa na mwingine, na yeye hajui atakaporudi kama atajuliwa na mtu. Hapo nikaacha kuimba.

Jioni nilipita sokoni kwetu kununua mboga kwa mama mmoja Mjaluo aliyefiwa na mume mwezi ule. Alikuwa amenyolewa kichwa chote, amejitanda kitambaa. Nikasimama na sukuma yangu mkononi. Ebo! Nikarudia kumtazama mpaka akaniuliza kama nimeona deni usoni kwake.

Asubuhi sikungoja saa ya chai. Nilimkuta Chebet amelala ukutani, nikafunga mlango wa ukumbi, nikakaa chini mbali kidogo. Kisha nikavua kitambaa. Mle ndani tulikuwa wanawake peke yetu, haikuwa dhambi, lakini Sista angeniona ningefukuzwa. Mama alikuwa amenisuka mistari jana yake, nikaufumua mmoja, nywele zikaning'inia. Nikakaa hivyo. Chebet aligeuka. Alinitazama muda mrefu, akasogea kwa magoti, akaunyoosha mkono, akazishika. Alizivuta, tena kwa nguvu, kuona kama ni za kweli. Halafu akajishika kichwa chake mwenyewe, akanishika kidevu, akauliza neno moja: "Lakwet?"

Sikulijua. Nikarudia, "Lakwet?" Akaanza kulia, akasema mengi mfululizo, na mimi sielewi hata moja. Mimi, mtoto wa Bondeni mwenye maneno ya kuuza, sina hata moja la kumpa. Mtu pekee katika wodi nzima aliyejua lugha ile alikuwa yupi? Nilikaa pale nikitafuta mwingine. Nikafikiria mfagiaji wa upande wa wanaume, nikafikiria hata mpishi. Nilijua nikimwita Rael basi imekwisha, atakuja na shingo yake, ataongea naye, atakuwa ndiye aliyemponya. Kile nilichokivumbua kwa macho yangu nitampa yeye mkononi. Nilikuwa nimeuma meno mpaka taya linauma. Chebet alikuwa bado ameshika nywele zangu.

Nikaita, "Rael!"

Alikuja mbio akidhani nimeumizwa. Akaniona kichwa wazi, akaduwaa. Nikamwambia, "Muulize lakwet ni nini."

"Lakwet ni mtoto. Anauliza mtoto."

"Muulize kwa nini anatazama vichwa vya watu."

Wakazungumza. Niliona uso wa Rael unabadilika kidogo kidogo, mwisho akajiziba mdomo. "Uuui! Zuhura, anasema ni nani amekufa. Anasema kwao mtu ananyolewa hivi akifiwa. Anajua mtoto wake amekufa na sisi tunamficha. Na wewe..."

"Na mimi nini? Sema!"

"Anasema wewe ulifunika kichwa, kumaanisha umenyolewa, umefiwa. Na mtu wa kilio hashiki chakula ya wengine. Anashangaa mbona kila siku tunatuma mtu wa kilio amlishe."

Rael mwenyewe alilelewa misheni tangu mdogo, mambo ya kunyolewa kwa kilio aliyasikia kwa bibi yake tu, na vipara vya wodi alikuwa ameshavizoea. Akaketi chini akamweleza Chebet habari za chawa, na habari za dini yangu, na kwamba mtoto yu hai. Chebet alisikiliza yote. Kisha akatikisa kichwa. Mtu anayeficha kifo angesema nini kingine? Uji ulipoletwa akageukia ukutani.

Tulikwenda kwa Mama Dorka, tukamweleza. Nilijitahidi kusema mimi kwanza. Akatazama mashine ya kunyolea rafuni, akaifungia kabatini, na toka siku hiyo hapakunyolewa mtu ambaye hajaelezwa kwa lugha yake. Ninyi mnaotembeza karatasi za ridhaa, huko ndiko zilikoanzia kwetu. Halafu akasema, "Maneno imekwisha. Sasa anataka mtoto."

Nikafurahi, maana hapo Rael hakuwa na la kufanya. Mimi nilikuwa na mjomba. Mjomba Hamisi aliendesha lori la mbao kati ya Elburgon na Nakuru, akirudi nyumbani kila jioni na unga wa mbao hadi kwenye nyusi. Nikamwomba amtafute mama mkwe wa Chebet kiwandani.

"Mwanangu, mimi nabeba mbao. Askari wa kizuizi cha barabarani wataniuliza hiki kikongwe na kichanga ni mbao gani?"

"Waambie ni shangazi yako."

"Mnandi awe shangazi yangu mimi?" Akacheka mpaka akakohoa. Lakini Jumatano akawaleta, kikongwe amekaa mbele kwa heshima zote na mtoto ndani ya ngozi laini. Chebet ni Mkipsigis, lakini kwa Mjomba Hamisi wote wa upande ule walikuwa Wanandi, na hakuna aliyeweza kumrekebisha.

Sista akatukuta kwenye lango la wodi. "Nini hii? Mtoto? Hapana! Hapa watu ya wazimu. Hapana lete mtoto ndani!" Akasimama pale mikono kiunoni. Kikongwe hakuelewa lugha lakini alielewa mikono, akaanza kugeuka. Nilitaka kufungua mdomo wangu wa soko. Mama Dorka akanikanyaga mguu.

"Sawa, Sista. Mtoto hataingia ndani," akasema kwa ile sauti yake ya chini. "Lakini wagonjwa wanatoka kuota jua saa hii. Daktari ndiye alisema jua."

Sista akafikiri, akatazama saa yake, akaenda. Mama Dorka akafungua mlango wa uani, kule tulikokuwa tunaanika mablanketi. Akampeleka kikongwe kwa kuzungukia nyuma ya jiko.

Nilikuwa nimejipanga kumbeba mtoto yule mimi. Nilikuwa nimenawa mikono. Nilitoka mbele, nikanyoosha mikono, nikasema, "Nipe, bibi." Kikongwe akanitazama, akatazama kitambaa changu, kisha Rael akasema neno moja kwa lugha yao, na kikongwe akampa yeye. Akampa yeye! Lori la mjomba wangu, kichwa nilichovua mimi, ufa niliosimama mimi mpaka goti likauma, na mtoto yuko mikononi mwa Rael. Alimbeba vizuri pia, alaaniwe, kama amezaa sita. Nilisimama kando na bakuli la uji nikiona jua linauma macho.

Chebet akatolewa na Mama Dorka. Alikuwa mwembamba, gauni linampwaya. Alipomwona mtoto hakukimbia, alitembea pole pole, akasimama mbele ya Rael, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumvua mtoto kikofia. Nywele zilikuwepo, nyeusi, laini, zimesimama. Akaziweka puani kwake. Akazivuta harufu, akatoa sauti ya chini ambayo haikuwa kilio wala wimbo, akakaa chini kwenye majani palepale na kumpa titi. Mtoto akanyonya, akaachia, akalia kwa hasira. Maziwa yalikuwa matone. Mama mkwe akaanza kumgombeza kwa lugha yao, akionyesha bakuli, na hata mimi nilielewa. Kula wewe, mtoto atanyonya nini?

Rael alikuwa ameshachukua bakuli mkononi mwangu. Sijui alilichukua saa ngapi. Akachuchumaa na shingo yake, akachota, akapeleka kijiko mdomoni kwa Chebet, na wodi nzima iliyotoka kuota jua ilikuwa imesimama inatazama, na Mama Dorka, na mpishi kwenye dirisha lake. Nikajiambia, haya, Zuhura, na hili nalo limeze.

Chebet akafunga mdomo.

Akasema kitu. Rael akamjibu. Akasema tena, kwa nguvu, akaninyooshea mimi kidole.

"Anasema nini?" nikauliza.

Rael alitazama uji. "Anasema yule amemnyoa, yeye ndiye amlishe."

"Kwa nini mimi?"

"Sijui, Zuhura. Amesema aliyemnyoa ndiye anamtoa kwa kilio. Shika."

Akanipa bakuli bila kunitazama. Nikapiga magoti, nikafungua kitambaa changu pale uani, Sista aje asije, na nikampa Chebet kijiko cha kwanza, akameza. Akafungua mdomo tena yeye mwenyewe. Kesho yake daktari alimkuta anagombania mkate na jirani, na gari la moshi likaondoka bila yeye.

Lakini hayo ni ya kesho yake. Pale uani, baada ya kile kijiko cha kwanza, niliinua macho nikamtazama Rael. Alikuwa amesimama na mikono mitupu, anatabasamu kwa ajili ya watu, na mwanya wake, na kepu yake, na zile funguo kiunoni. Na machoni nikakiona kile kitu. Nilikijua vizuri, nilikuwa nimelala nacho na kuamka nacho tangu siku ya kwanza, na sasa kimehamia kwake. Sikumwonea huruma hata chembe. Nikachota kijiko cha pili, nikakipeleka pole pole, ili aone vizuri.